Mji wa San Juan Katika Miezi ya Kimya

Kila mji una nyuso mbili. Uko uso uoshwao kwa ajili ya wageni, na uko uso wa siku zote, ambao wenyeji huuona wao kwa wao. Sisi tuliuzuru mji wa San Juan, ulio mkuu katika kisiwa cha Puerto Rico, bahari ya Karibi, katika mwezi wa Septemba, wakati ambao wageni ni haba na nyumba za kulala wageni zina vyumba vingi vitupu. Kabla ya kuondoka watu walituuliza, "Mbona mwaenda wakati mbaya?" Na tuliporudi wakatuuliza, "Je, mliona nini?" Basi twaandika haya kuwajibu, maana mambo tuliyoyaona yawahusu wote wapokeao wageni nyumbani mwao, na wote waendao ugenini.

Kwanza na tueleze mahali penyewe, ili walimu wapate kuwaonyesha watoto katika ramani. Puerto Rico ni kisiwa chenye urefu wa kilometa 180 hivi toka mashariki hata magharibi, na upana wa kilometa 65 hivi. Kaskazini yake iko bahari ya Atlantiki, na kusini yake bahari ya Karibi. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 1920 na zaidi ya miaka mia baadaye kisiwa kimebadilika sana. Katika hesabu ya mwaka 2020 watu wa kisiwa chote walikuwa 3,285,874, na wa San Juan walikuwa 342,259. Lugha yao ni Kihispania. Kisiwa kilitawaliwa na Hispania kwa muda wa karibu miaka 400, na mwaka 1898, baada ya vita, kikatiwa mikononi mwa Marekani. Tangu mwaka 1917 wenyeji wake ni raia wa Marekani, ingawa wale wakaao kisiwani hawapigi kura ya kumchagua Rais. Saa zao ziko nyuma ya zetu za Afrika ya Mashariki kwa muda wa saa saba: kwao inapokuwa adhuhuri, kwetu ni saa moja ya usiku, na taa zimekwisha kuwashwa.

Jina la mji nalo lina habari yake. Columbus alipofika mwaka 1493 alikiita kisiwa San Juan Bautista, yaani Yohana Mbatizaji; na mji uliojengwa baadaye ukaitwa Puerto Rico, maana yake bandari ya utajiri. Miaka ilipopita majina hayo mawili yalibadilishana mahali, kisiwa kikachukua jina la mji, na mji ukachukua jina la kisiwa. Kila mwaka, usiku wa tarehe 23 Juni, mkesha wa sikukuu ya Yohana, watu wa mji hushuka pwani kwa maelfu, na saa sita ya usiku hujitupa majini kinyumenyume mara nyingi, wakicheka na kuimba, kwa kuomba mwaka wa heri. Hapo miezi ya kimya imekwisha kuanza. Kwa hiyo sikukuu hii ni ya wenyeji wenyewe kuliko ya wageni.

Sasa na tueleze majira yao. Kuanzia katikati ya Desemba hata katikati ya Aprili, Marekani na Ulaya huwa na baridi, na watu wenye fedha hutafuta jua. Wakati huo San Juan ni mahali pazuri kweli: mchana joto lafika digrii 28 hivi, usiku lashuka hata 22, na mvua si nyingi. Merikebu kubwa za watalii huingia bandarini, nyingine ndefu kuliko mtaa mzima, na abiria wake hujaa katika njia nyembamba za mji wa kale. Baada ya Pasaka wageni hupungua. Kisha, tarehe 1 Juni, huanza majira ya tufani, yaani vile vimbunga vikubwa vya baharini, nayo huendelea hata tarehe 30 Novemba. Kilele chake ni karibu na tarehe 10 Septemba. Hii ndiyo sababu ya kimya. Si kwamba mji umekosa uzuri wake. Ni kwamba watu huogopa upepo.

Tulipofika tulikuta joto zito, kama lile la pwani ya kwetu mwezi wa Machi kabla ya masika. Asubuhi jua lilikuwa kali na bahari shwari. Alasiri mawingu yalipanda ghafla, mvua ikashuka kwa kishindo muda wa nusu saa, kisha jua likarudi na mawe ya njia yakafuka mvuke. Wenyeji hawakukimbia mvua hiyo. Walisimama chini ya roshani za nyumba, wakazungumza, na ilipokwisha wakaendelea na safari zao. Usiku ulipoingia tulisikia sauti ya chura mdogo aitwaye coquí, ambaye jina lake ni sauti yake mwenyewe, noti mbili tu, moja chini na moja juu. Chura huyu hana viluwiluwi. Watoto wake hutoka katika mayai wakiwa vyura kamili, wadogo mno. Katika mji uliojaa muziki na magari hasikiki sana, lakini mwezi wa Septemba alisikika katika kila bustani.

Mji wa kale uko juu ya kisiwa kidogo kilichounganishwa na nchi kwa madaraja. Njia zake zimetandikwa matofali ya rangi ya samawati, yaliyofanywa kwa mavi ya chuma yatokayo katika tanuru. Mvua ikinyesha hung'aa kama mgongo wa samaki. Kuuzunguka mji uko ukuta wa mawe, na katika ncha ya magharibi, juu ya jabali linalopigwa na mawimbi, iko ngome iitwayo San Felipe del Morro. Ilianzwa kujengwa mwaka 1539, ikaongezwa vizazi kwa vizazi hata ikawa na madaraja sita. Upande wa mashariki iko ngome nyingine, San Cristóbal, iliyomalizika mwaka 1783, nayo ni kubwa kuliko ngome zote walizojenga Wahispania katika nchi za Amerika. Wale waijuao Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593, watafahamu upesi ujenzi huu: kuta zenye kuinama, pembe zilizochongoka, na vibanda vya walinzi vitazamavyo bahari. Ni wakati ule ule, na hofu ile ile.

Katika miezi ya wageni mtu huingia humo akisukumana na wengine. Sisi tulikaa juu ya ukuta karibu saa nzima, na waliopita walikuwa baba mmoja na watoto wake, na askari wa zamu. Kwa hiyo tulipata nafasi ya kuwaza habari za mahali hapo. Mwaka 1595 Mwingereza Francis Drake alikuja na merikebu zake, akapigwa mizinga akarudi. Mwaka 1598 akaja mwingine, Mkuu wa Cumberland, ambaye alishuka mahali pengine akaja kwa nchi kavu, akautwaa mji na ngome yenyewe. Lakini katika majira yale ya joto na mvua watu wake walishikwa na ugonjwa wa kuhara damu, wakafa wengi, na baada ya wiki chache tu ikambidi kuondoka. Mwaka 1625 Waholanzi waliuteketeza mji kwa moto, ila ngome hawakuipata. Na mwaka 1797 Waingereza walikuja tena kwa jeshi kubwa, wakashindwa. Wenyeji husimulia kwamba katika siku hizo askofu na akina mama walizunguka mji usiku kwa maandamano ya maombi, wakishika mienge na kupiga kengele, na adui akadhani ni msaada mpya wa askari umefika. Sanamu ya shaba ya maandamano hayo imesimama karibu na ukuta tangu mwaka 1971. Iwapo habari hiyo ni historia au ni hadithi, wenyeji wanaipenda, na watoto wote wanaijua.

Lakini adui aliyewashinda mara nyingi zaidi hakuja na merikebu. Kanisa kuu la kwanza la mji huu lilikuwa la miti, likavunjwa na tufani. Ndipo wakaanza kujenga lingine mwaka 1540. Neno lenyewe la Kihispania la tufani, huracán, si la Kihispania kwa asili. Wahispania walilipokea kwa Wataino, wenyeji wa kale wa visiwa hivi, kwa kuwa kwao Ulaya hawakuwa na kitu kama hicho wala jina lake. Baadaye wakazoea kuita kila tufani kwa jina la mtakatifu ambaye sikukuu yake iliangukia siku hiyo. San Ciriaco ni tufani ya tarehe 8 Agosti 1899, iliyoua watu zaidi ya 3,000 na kuharibu mashamba ya kahawa. San Felipe ni ya tarehe 13 Septemba 1876. Na mwaka 1928, tarehe ile ile 13 Septemba, ilikuja nyingine kubwa zaidi, ikaitwa San Felipe wa Pili. Hivyo kalenda ya kanisa imekuwa pia kalenda ya misiba, na mzee wa San Juan akitaja jina la mtakatifu, yakupasa kusikiliza vema ujue anataja nini.

Tena, ndugu wasomaji, tufani hizi zina ujamaa na bara letu. Wataalamu wa hali ya hewa wameonyesha kwamba nyingi katika zile kali huanza juu ya nchi ya Afrika, kusini ya jangwa la Sahara. Hewa huvurugika huko kama wimbi, ikasafiri kwenda magharibi, ikatoka baharini karibu na Senegali na visiwa vya Cape Verde. Mawimbi mengi ya namna hiyo hufa njiani. Lakini machache hukuta bahari yenye joto la digrii 27 na zaidi, yakanywa mvuke, yakaanza kuzunguka, na kila siku yakazidi nguvu hata yafikapo visiwani. Mavumbi ya Sahara nayo huvuka bahari hiyo. Katika miezi ya Juni na Julai hasa, mbingu ya San Juan hugeuka rangi kama maziwa yaliyotiwa udongo, na watu wenye pumu hukaa ndani. Wenyeji hulalamikia mavumbi hayo, na huku hushukuru, kwa kuwa hewa kavu ya jangwa huzuia tufani kukua.

Watu pia walivuka kwa upepo ule ule, wala si kwa hiari yao. Wahispania walileta watumwa kutoka Afrika kuanzia karne ya 16, na utumwa haukukomeshwa Puerto Rico mpaka tarehe 22 Machi 1873. Lakini katika karne ya 17 lilitokea jambo la pekee. Watumwa waliotoroka visiwa vya jirani, vilivyotawaliwa na mataifa mengine ya Ulaya, walipokelewa San Juan wakiwa watu huru, kwa sharti la kubatizwa na kumtii mfalme wa Hispania. Hii haikuwa huruma tupu, maana watumwa wa kisiwa chenyewe hawakufunguliwa. Ilikuwa ni njia ya kuwadhoofisha adui. Watu hao walipewa mahali nje ya mji, penye matope na mikoko, paitwapo Cangrejos, maana yake kaa wa baharini. Walilima, walijenga, na mwaka 1797 askari wa Cangrejos walikuwa miongoni mwa walioulinda mji. Siku hizi mahali hapo huitwa Santurce, nayo ni sehemu ya San Juan yenye watu wengi, soko, na nyumba za kila namna. Ndipo tulipopanga chumba.

Sokoni tulijiona kama tuko nyumbani. Tulikuta muhogo, viazi vikuu, mashelisheli, mastafeli, mapapai, na mikungu ya ndizi. Muhogo ulitoka upande wao wa dunia ukaja kwetu; ndizi zilitoka upande wetu zikaenda kwao; na leo kila upande wasema ni chakula cha mababu. Chakula chao mashuhuri, mofongo, ni ndizi mbichi zilizokaangwa, zikapondwa katika kinu cha mti pamoja na kitunguu saumu na ngozi ya nguruwe iliyokaangwa. Na katika sikukuu hawakosi wali uliopikwa pamoja na mbaazi. Tulipowaambia kwamba pwani ya kwetu watu hupika mbaazi kwa nazi, akina mama wauzaji walicheka wakatutaka tueleze kipimo cha tui. Kando ya soko ulisimama mti wenye maganda marefu meusi na maua machache mekundu ya mwisho. Ni mti ule ule wa Madagaska ambao kwetu wengi huuita mkrismasi, kwa kuwa huchanua Desemba. Kwao huchanua Juni na Julai, na hakuna aufikiriaye kuwa mti wa Krismasi.

Mama mwenye nyumba tuliyopanga alikuwa mjane wa makamo, mwenye vyumba vitatu vya wageni. Alitueleza mambo ya fedha waziwazi, kama mkulima aelezavyo mavuno. Tangu Desemba hata Aprili vyumba vyake hujaa, naye huweka akiba. Kuanzia Mei hula akiba hiyo. Agosti na Septemba hupunguza bei hata karibu nusu, afadhali chumba kipate mtu kuliko kukaa kitupu. Msichana amsaidiaye kufua na kufagia huja siku mbili kwa juma badala ya sita, na mshahara wake hupungua vivyo hivyo. Tuliona mikahawa miwili katika mtaa ule imefungwa, na karatasi mlangoni yasema itafunguliwa mwezi wa Oktoba. Madereva wa teksi walicheza dhumna chini ya mti. Hapo tulifahamu kwamba bei nafuu ambayo mgeni huifurahia hailetwi na hewa. Iko nyumba inayoilipia.

Siku ya nne ya kukaa kwetu redio ilitangaza kwamba iko dhoruba mashariki ya visiwa, nayo yamkini itapita karibu baada ya siku tatu. Katika muda wa saa moja mji ulibadilika. Hapakuwa na kelele. Watu walisimama mistari penye duka la maji na penye kituo cha petroli. Kila nyumba ilitoa mbao zake za kuzibia madirisha, nasi tuliona kwamba kila ubao umeandikwa namba kwa rangi, ili urudi katika dirisha lake bila kupoteza wakati. Wageni wachache waliokuwako waliketi na simu zao wakibadilisha tiketi, na jioni wengi walikwisha kuondoka.

Sisi tulijiuliza neno gumu: je, tuondoke, au tukae? Kuondoka kulionekana kama kumkimbia mwenyeji wetu. Kukaa nako kulikuwa na lawama yake, kwa kuwa katika siku za shida mgeni hunywa maji ya nyumba na kula chakula cha nyumba. Tukaona afadhali kumwuliza mwenyewe. Alitutazama kidogo, kisha akajibu, "Wanangu, kama mwaweza kuchukua maji, kaeni. Kama mtakaa tu mkitazama bahari, nendeni leo. Juu kuna bibi kizee asiyeweza kushuka ngazi. Huyo ndiye nitakayemwangalia." Basi tukakaa. Tulichota maji tukajaza matangi, madebe na beseni ya kuogea. Tulipandisha mbao, tukafunga vitu vya uani, na bibi yule wa juu tukampelekea maji, mishumaa na dawa zake za mwezi mzima. Waswahili husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulipewa ndoo.

Usiku, kazi ilipokwisha, mama huyo alituambia habari za tufani Maria. Alikuwa amezifunga kifuani, na nyundo ndizo zilizozifungua. Maria ilipiga kisiwa tarehe 20 Septemba 2017, kwa upepo wa karibu kilometa 250 kwa saa. Umeme ulizimika kisiwa kizima, na nyumba za mwisho hazikuupata tena mpaka Agosti 2018. Mabati yalipeperuka, na kwa miezi mingi mtu akitazama toka katika ndege aliona mapaa ya turubai za buluu kila mahali. Serikali ilisema kwanza kwamba waliokufa ni 64. Watu hawakukubali, maana walijua makaburi yao. Wengi hawakuuawa na upepo. Walikufa baadaye, kwa kukosa umeme wa mashine za hospitali, dawa, maji safi, na njia ya kupita. Tarehe 1 Juni 2018 jamaa za marehemu walileta viatu vyao, mamia ya jozi, wakavipanga mbele ya jumba la bunge hapa San Juan: viatu vya wazee, vya askari, vya watoto wachanga. Mwezi wa Agosti mwaka ule, baada ya uchunguzi wa chuo kikuu cha George Washington, serikali ikaikubali hesabu ya 2,975. Na tarehe 18 Septemba 2022 ilikuja tufani nyingine, Fiona, na umeme ukazimika tena kisiwa kizima.

"Ninyi mwaiita miezi ya kimya," akasema. "Sisi ni miezi ya kusikiliza."

Dhoruba ile tuliyoingoja haikufika. Siku ya tatu iligeuka kuelekea kaskazini katikati ya bahari, nasi tukapata mvua nyingi na mawimbi makubwa tu, yaliyorusha povu hata juu ya ukuta wa El Morro. Asubuhi yake majirani waliteremsha mbao, lakini hawakuzirudisha ghalani. Walizisimamisha ukutani kwa mpango wa namba zake, ziwe tayari hata Novemba. Tulikwenda kutazama makaburi ya Santa María Magdalena de Pazzis, yaliyo nje ya ukuta, chini ya ngome, yakielekea bahari ya Atlantiki. Misalaba na malaika wa mawe meupe yalikuwa yamelowa chumvi, na mzee mmoja alikuwa akifuta kaburi kwa kitambaa. Bahari ilikuwa imetulia kana kwamba haikufanya neno.

Sasa, wasomaji, iko mithali yetu isemayo, mgeni njoo, mwenyeji apone. Twaipenda mithali hii, nasi huwaambia wageni wetu kwa moyo. Lakini katika safari hii tuliona kwamba si kila mgeni huponya. Mgeni ajaye kutafuta bei ya chini tu, akasikitika kwamba mvua imemharibia siku, akaondoka upesi kwa mlango wa nyuma, huyo amekula akiba ya mwenye nyumba. Lakini wenyeji walituambia wenyewe kwamba mgeni mmoja wa Septemba ni bora kwao kuliko watano wa Januari, akija kwa akili. Chumba kimoja kikipata mtu, msichana wa kufua hupata siku mbili zaidi za kazi. Mkahawa ukipata meza tatu za watu, hauna haja ya kufungwa.

Kwa hiyo mtu atakaye kwenda miezi ile na azingatie mambo haya. Ajue habari za hewa kila siku, na akiambiwa na wenye mamlaka kuondoka, aondoke mapema bila kubishana, asiwe mzigo. Achukue dawa zake za kutosha, na fedha taslimu kidogo, maana umeme ukizimika mashine za benki hazifanyi kazi. Atembee asubuhi na jioni, na alasiri apumzike kama wenyeji wafanyavyo. Asiombe apunguziwe bei iliyokwisha kupunguzwa. Anunue sokoni, ale katika mikahawa midogo, na akiulizwa habari za kwao aseme, kwa kuwa watu wengi wa Santurce wana hamu ya kusikia Afrika ikisimuliwa na mtu wa Afrika mwenyewe.

Nanyi walimu, chukueni ramani ya dunia, mpige mstari kutoka Afrika ya Magharibi hata San Juan, mwaulize watoto ni vitu gani vilivyopita katika mstari ule. Watataja upepo, mavumbi, ndizi na watu waliofungwa minyororo. Kisha waulizeni ni nyumba gani katika kijiji chao iliyo na mzee asiyeweza kuchota maji yake mwenyewe, na nani atakayemfikia kwanza siku mto utakapofurika.